Freshi ya Galu

Jumatano, 9 Aprili

Masika yameanza. Mvua ilikuja saa tano asubuhi kutoka upande wa Galu, ikapiga mabati hadi adhuhuri, kisha ikatulia kama mgeni aliyeonyeshwa kiti.

Tangu nistaafu ualimu huandika kila masika, kwa sababu msimu huu huniweka ndani, na mtu aliyefundisha Kiingereza na Kiswahili maisha yake yote hawezi kukaa ndani bila kusahihisha kitu. Kazi yangu nyingine ni kuosha maiti za wanawake hapa Mwabungo, nayo haina msimu.

Leo Twaiba ameingia na ndoo. Twaiba ni mtoto wa marehemu mdogo wangu; nimemlea tangu akibebwa. Ni mama karanga: hununua samaki, huwakaanga kwenye karai pale njiani na kuwauza jioni. Mumewe Jaafar yuko Mackinnon Road kwenye malori, huja akipata nafasi. Twaiba ana mimba ya miezi saba. Mbili za mwanzo ziliharibika, na hii ya tatu nyumba nzima tunaizunguka kwa kunyata.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Hebu tazama hawa changu. Freshi!"

"Marahaba. Kusi hii, bahari imechafuka, umewapata wapi?"

"Kwa Swabir. Freshi, wallahi. Tazama macho."

Nilitazama. Macho maangavu, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza yarudi. Na shombo hakuna hata kidogo. Nikafikiri kwamba hiyo ni sifa.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nimekaa na neno la Twaiba.

Kwa Waingereza neno hilo lina nyumba nyingi. Kitu kipya ni "fresh". Samaki asiyetiwa chumvi, pia. Maji yasiyo ya bahari, pia. Upepo wenye ubaridi, mtu aliyelala akaamka bila uchovu, hata mtoto mjuvi anayewajibu wakubwa. Sisi tuna neno kwa kila mmoja wa hao: kipya, kibichi, maji matamu, upepo wa baridi, mzima, mfidhuli. Lakini tumelichukua lao pia, tukalifanya freshi, na vijana wa Ukunda husalimiana nalo. "Freshi?" "Freshi." Mmoja auliza, mwenziwe ajibu, na hakuna aliyesema kitu.

Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Naandika tu kwamba leo Twaiba amelitaja kwa samaki, kwa upepo na kwa hali yake mwenyewe.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimekwenda kumwona Mwanarusi, mama yake Swabir. Mimi na Mwanarusi tumecheza pamoja, tumeozwa mwaka mmoja, tumekuwa wajane mvua moja baada ya nyingine. Mwezi wa Shaaban daktari alimwambia Swabir amrudishe mama yake nyumbani, hakuna la kufanya. Ramadhani alikuwa haoni wala hamezi. Mimi mwenyewe nilinunua sanda, iko ndani ya kasha langu pamoja na karafuu maiti.

Leo nimemkuta ameketi kitandani.

"Umekuja kunipima, Hanifa?" akaniuliza. "Sanda yataka kupunguzwa au kuongezwa?"

Tulicheka hadi Swabir akachungulia mlangoni. Alikuwa na bakuli la mchuzi wa samaki. "Nampa huu kila siku, Mwalimu," alisema. "Samaki freshi ni dawa."

Swabir ni mlinzi wa hoteli moja ya Galu iliyofungwa miaka ile ya ugonjwa, ikabaki hivyo. Sikumuuliza alikowapata samaki. Kwetu mtu haulizi mlango wa riziki ya jirani, na hiyo ni adabu nzuri, ila siku moja itatuponza.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua mchana kutwa. Jikoni hakuna inzi. Nimefurahi.

Jumapili, 27 Aprili

Paka wetu mweupe, tunayemwita Mzungu, amenusa kichwa cha changu akarudi nyuma. Hakukimbia. Alirudi kinyumenyume, polepole, kama mtu anayeondoka kwenye chumba cha mgonjwa. Mchana nimemsikia nyumba ya pili akililia dagaa.

Nami nilikula samaki yule mara moja tu; Twaiba humla kila jioni. Nilionja ndimu, nikaonja chumvi na pilipili. Samaki mwenyewe sikumwonja.

Jumamosi, 3 Mei

Nilikuwa nimezika vichwa vya samaki chini ya mpapai, kama mbolea. Leo mvua imechimba shimo. Vichwa vimetoka vikiwa na matope, nikavimwagia maji.

Macho yake yalikuwa maangavu. Matamvua mekundu. Tangu Aprili, ndani ya udongo wa masika, ambao kipande cha mti hukiozesha kwa wiki moja! Kunguru walikuwa juu ya mpapai, weusi, kimya, na wajuao kunguru wa pwani hii wajua kwamba hawanyamazi mbele ya chakula. Walitazama vichwa, wakanitazama mimi.

Nilivifukia tena. Nilipomaliza niligundua nimevielekeza kibla, kama nifanyavyo kwa maiti.

Ijumaa, 9 Mei

Mpangaji wangu wa chumba cha uani ni Concepta, muuguzi kutoka bara. Jioni amempima Twaiba kwa utepe wake na kile kipembe cha kusikilizia tumbo.

"Mapigo ya mtoto yako sawa kabisa," alisema. "Lakini tumbo ni size ile ile ya Aprili. Haijasonga hata kidogo."

"Mtoto mdogo tu," alisema Twaiba. "Baba yake pia mfupi."

"Anacheza?"

Twaiba alijifunika tumbo kwa kanga. "Ametulia. Si ni vizuri? Wale wa kwanza walinisumbua, nikawakosa."

Concepta alinifuata uani. "Mwalimu, mimi nimesikiliza watoto wengi. Mapigo hupanda, hushuka. Huyu yuko tu, kama saa ya ukutani. Aende hospitali apigwe picha."

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Inzi hakuna. Sifurahi tena.

Alhamisi, 15 Mei

Picha imepigwa. Mtoto mzima, viungo kamili, umri miezi saba. Wamesema huenda hesabu ya mwanzo ilikosewa, arudi baada ya muda.

Hesabu haikukosewa. Niliiweka mimi.

Jioni tumekaa barazani, mimi, Concepta na Twaiba. Masika haya mbu ni wengi hata wanaingia kinywani. Mimi na Concepta tulikuwa tukijipiga vibao miguuni kama wacheza ngoma. Twaiba alikaa baina yetu, mikono wazi, shingo wazi, akinywa chai. Hakuna mbu hata mmoja aliyetua juu yake.

Concepta aliona. Nami niliona kwamba ameona.

"Damu yangu chungu," alisema Twaiba akicheka. Uso wake ulikuwa unang'aa. Kila apitaye njiani humwambia amekuwa freshi, mimba imempenda.

Alipoinuka nilimshika mkono. Naujua ubaridi wa maiti. Ni kazi yangu. Huu haukuwa ule. Ulikuwa kama ubaridi wa kikombe kilichokaa kabatini.

Alhamisi, 22 Mei

Nimevunja adabu. Nimemuuliza Swabir alikotoa samaki.

Kwanza alisema Msambweni. Halafu akasema Shimoni. Nilimngojea, kama nilivyowangojea wanafunzi wenye majibu mawili. Mwisho akachukua funguo zake, tukapanda tuktuk hadi Galu, jua la mchana likiwa linapenya mawingu.

Hoteli imeota nyasi hadi madirishani. Wezi wameng'oa nyaya, mabomba, hata swichi za ukutani. Jenereta haipo, pamebaki msingi wa saruji. Nyuma ya jiko kuna mlango wa chuma wa chumba baridi. Zamani uliandikwa maneno mengi; yote yamebanduka, limesalia moja, FRESH.

Swabir akafungua. Ubaridi ulitoka, haukuvuma, ulisogea tu.

"Umeme unatoka wapi?" niliuliza.

"Hakuna umeme, Mwalimu. Huoni nyaya zimeibwa? Hiki chumba hakikuhitaji nyaya."

Samaki walikuwa kwenye rafu, safu kwa safu, changu na kolekole na tafi, vichwa vyote vikitazama mlangoni. Sakafuni palikuwa na ndoo ya maua ya harusi: waridi, na mikufu ya asmini iliyofumwa kwa uzi. Harusi hiyo iliahirishwa wiki hoteli ilipofungwa. Swabir alikuwa zamu. Asmini huishi jioni moja. Hii ilikuwa nyeupe kama imechumwa alasiri ya leo. Niliinama nikanusa. Hakukuwa na harufu yoyote.

"Mlango huu niliufunga siku ile wazungu walipoondoka," alisema Swabir. "Nilikuja kuufungua mwaka huu tu, mama alipozidiwa. Nyumbani hapakuwa na kitoweo. Nachukua hawa wa mbele, na nikirudi, mbele hakuna pengo. Naufunga haraka, ubaridi usitoke."

"Swabir, mtoto wa Twaiba amesimama tumboni. Hakui."

Aligeuka akaniangalia. Ndevu zake ni zile zile za Ramadhani, fupi, kama zimechorwa.

"Na mama yangu hafi," alisema. "Daktari alisema hatatoka Shaaban. Sasa tuko Mfunguo Pili, miezi mitatu imepita. Wewe umemnunulia sanda, mimi namnunulia siku. Nani kati yetu ampendaye?"

Nampenda Mwanarusi kuliko watu wengi walio hai.

Akafunga mlango.

Ijumaa, 30 Mei

Twaiba amenikasirikia. Nimemwaga ndoo yake, nikampa mchuzi wa papa mkavu, ule unukao hadi nyumba ya tatu. Hakuugusa.

"Kila mtu asema nimekuwa freshi. Wewe peke yako wanitazama kama maiti!"

"Nakutazama kama mwanangu."

"Mwanao mara mbili alitoka damu ukamfulia shuka. Sasa hatoki damu, haumwi, hatapiki. Wataka nini, Mama Mkubwa? Wataka niumwe?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Concepta amempima tena: tumbo halijasonga.

Nimelifikiri lile neno. Tunaposema samaki mbichi, embe bichi, kuni mbichi, tunasema kitu chenye kesho. Kibichi kitaiva au kitapikwa au kitaoza, lazima kimoja. Hata maiti wangu wana kesho. Ndiyo maana tunawahi kuwazika. Samaki wa Galu hawana kesho. Wamesimama pale waliposimamishwa, na awalaye kila siku husimama nao. Neno la sifa tumelibandika mlangoni mwa kitu tusichokijua, na tukakila kwa sababu hakinuki. Bibi zetu walimpa paka kichwa cha kwanza kabla ya kuweka chungu. Sisi twatazama macho na matamvua.

Wiki nzima sasa nimemwachisha Twaiba samaki, lakini hakuna kilichobadilika. Kinachomshika kiko kule Galu, nyuma ya mlango uliofungwa.

Jumatano, 4 Juni

Nilikwenda kwa Mwanarusi nikiwa nimeazimia kutomwambia. Alikuwa amekaa vile vile, kanga ile ile.

"Hanifa, ninusie mkono."

Nilinusa.

"Nini?"

"Hakuna kitu."

"Hata jasho?"

"Hata jasho."

"Nimekuwa sahani iliyooshwa," alisema. "Sioti ndoto. Sina njaa wala shibe. Jana nilijaribu kumlilia marehemu mume wangu, machozi hayakuja. Ile sanda yangu imeliwa na nondo?"

"La, iko salama."

"Hata nondo!" Akacheka, kisha akanikazia macho. "Haya, sema. Umekaa kama mtu mwenye mwiba kooni tangu uingie."

Nikamwambia yote: chumba, asmini, mbu, tumbo la Twaiba. Alisikiliza akizungusha pete kidoleni. Mlangoni Swabir alikuwa amesimama, na bakuli mkononi.

"Umekuja kunichukulia mama, Mwalimu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Nyamaza, Swabir," alisema Mwanarusi. "Mlango wa kuingilia duniani na wa kutokea ni mmoja. Kuna mtoto yuko ndani anagonga, na mimi bibi mzima nimekaa kizingitini nakunywa mchuzi. Ndiyo heshima uliyonipa?"

"Mama, nilitaka tu usife."

"Najua. Na umeweza. Sasa sogea."

Swabir alikaa chini. Hakulia, nadhani naye hakuweza.

Jumanne, 10 Juni

Tumekwenda Galu asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Swabir alimbeba mama yake kutoka kwenye tuktuk akamweka kwenye kiti cha plastiki, kuelekea mlango wa chuma. Twaiba alikuja pia, bado amenuna. Nilimwonyesha samaki kwa dirisha dogo la mlango. Alitazama kwa muda mrefu, akashika tumbo lake, akarudi nyuma kinyumenyume kama Mzungu paka wetu.

Swabir alishika funguo, akaziangusha.

"Siwezi, mama."

"Waweza. Nilikuzaa, nikakunyonyesha, na tangu utahiriwe sijakuomba kitu ila maji ya kunywa. Fungua. Na usiurudishe."

Akafungua. Nikamsaidia kuviringisha jiwe la matumbawe hadi kizingitini ili mlango usijifunge. Ubaridi ukasogea nje, ukapita miguuni mwetu, na kwa mara ya kwanza joto la Juni likaingia mle ndani.

Hapakutokea kitu. Tulisimama. Twaiba alininong'onezea, "Mama Mkubwa, tumekosea?"

Kisha ikaja harufu ya asmini. Ilikuja yote mara moja, harufu ya jioni nzima iliyokuwa imezuiliwa miaka, hata tukafumba macho. Nilipofumbua, mikufu ilikuwa imegeuka kahawia ndani ya ndoo. Na nyuma ya asmini, chini yake, polepole, ikaja shombo.

Mwanarusi alivuta pumzi hadi mabega yakapanda.

"Asmini na shombo," alisema. "Kama harusi yangu." Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Haya, nirudisheni. Nimechoka. Alhamdulillahi, nimechoka!"

Tulimlaza. Alimwomba Swabir amkune mgongo. Baada ya alasiri, mkono wa Swabir ukiwa bado mgongoni mwake, aliondoka. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwosha rafiki yangu. Kwapani alinuka jasho, na kidogo mafuta ya mkaratusi. Nimewaosha wengi, sijapata kushukuru jasho la maiti kama leo. Sanda ilimtosha.

Upepo umeleta uvundo wa Galu hadi hapa. Watu wote wanalalamika, wanasema nyangumi ameoza pwani. Kunguru wanapiga kelele tangu alfajiri. Nimefukua chini ya mpapai: miba tu.

Alhamisi, 12 Juni

Twaiba amenipigia ukelele kutoka uani. Nilitoka mbio, nguo yangu ikinasa mlangoni.

"Mbu, Mama Mkubwa! Wamenila mguu mzima! Tazama!"

Alikuwa akijikuna na kulia na kucheka. Kisha akashtuka, akaweka mkono ubavuni.

"Amenipiga teke," alisema. "Anipiga kama anayedai."

Jumatano, 9 Julai

Manyunyu. Tumbo limesonga. Twaiba ametapika papa wangu wote. Swabir amepita, ndevu zimemjaa usoni. Ameacha kazi Galu, anachimba visima. Ananisalimu, lakini hakai. Simlaumu.

Jumamosi, 16 Agosti

Amezaliwa jana, Ijumaa, mchana, mikononi mwa Concepta. Mtoto wa kike. Twaiba amemwita Mwanarusi bila kuniuliza, na Jaafar amekuja na lori zima kumtazama.

Alizaliwa kimya. Alilia alipopigwa, kidogo, kisha akatulia, amefumbua macho maangavu. Ngozi laini, bila alama. Wageni wamejaa tangu jana, na wote wana neno moja: "Mashallah, freshi kabisa." Nimekuwa nikiitikia, "Alhamdulillahi," huku nikitafuta alama ya mbu ngozini mwake.

Nilimchukua nikaketi naye barazani. Nilimnusa utosi. Sikuwa na hakika. Pengine ni pua yangu, imezeeka. Nilingoja. Watu waliingia na kutoka, mimi nikangoja, kama nijuavyo kungoja.

Inzi alitoka upande wa karai la Twaiba. Alizunguka kichwa changu, akazunguka chai yangu, kisha akatua kwenye shavu la mtoto, karibu na tone la maziwa, akasugua miguu yake ya mbele. Mtoto alikunja uso. Akapanua kinywa akalia kwa hasira ya haki, hadi Twaiba akatoka ndani.

"Mama Mkubwa! Mbona humfukuzi inzi?"

"Ngoja," nikamwambia. "Mwache kidogo."